Wajibu Usio na Mwenyewe

Maiti ya Muislamu ina haki nne kwa walio hai: kuoshwa, kukafiniwa, kusaliwa na kuzikwa. Haki hizo ni faradhi kifaya. Wakitokea wachache wakazitimiza, wengine wote wamesalimika. Asipotokea hata mmoja, mji mzima umeingia dhambini, pamoja na yule aliyedhani kwamba jirani yake ameshakwenda. Faradhi aini ni nyingine: sala yangu ya alasiri ni yangu, hakuna wa kunisalia. Haya nilifundishwa na marehemu baba yangu mkubwa, barazani kwenye chuo chake cha Kurani, Kondoa, nikiwa binti mdogo. Baadaye niliajiriwa kuwa afisa maendeleo ya jamii, nikafanya kazi vijijini mpaka nikastaafu, na huko ndiko nilikoona uzito wa somo lile. Swali nililotoka nalo kazini ni hili: kazi ya umma ikigawanywa kwa ofisi tano au sita, kila ofisi ikafanya sehemu yake kama ilivyoandikiwa, na bado mwananchi akakosa alichoahidiwa, dhambi hiyo ni ya nani?

Nasema dhambi, na nakusudia dhambi. Tumelizungumza jambo hili kwenye semina nyingi kama tatizo la uratibu, tukaundiwa kamati na kupewa fomu mpya, nami nilizijaza kwa uaminifu. Siamini tena kwamba fomu inaweza kulimaliza, kwa sababu mzizi wake uko mahali ambapo fomu haifiki.

Nitaeleza kisa kimoja, cha wilaya moja ya Kanda ya Kati ambayo sitaitaja. Kijiji kiko kwenye mteremko. Wananchi walijenga boma la zahanati kwa nguvu zao mpaka usawa wa lenta: wanaume waliponda kokoto na kusomba mawe, wanawake walibeba mchanga na maji, kila kaya ikatoa mchango wake. Halmashauri ikapaua, ikapiga lipu, ikaweka milango na vitanda vya chumba cha kujifungulia. Sinki jeupe likafungwa ukutani na koki yake mpya. Maji yalitoka kwenye tangi la mradi wa kijiji, lililoko ng'ambo ya barabara. Bomba la inchi mbili lilichimbiwa kutoka tangini, likapita chini ya barabara hadi zahanati. Kwa muda mfupi koki ilitoa maji. Kisha barabara ikafanyiwa matengenezo makubwa, jambo ambalo kijiji hicho hicho kilikuwa kimeliomba kwa miaka. Greda likakwangua, mitaro ikachimbwa, kalavati likawekwa, na bomba likakatwa. Nilikuta ncha zake mbili zimetokeza kila upande wa mtaro. Moja watoto walikuwa wameiziba kwa gunzi la hindi.

Tangu hapo mama mjamzito aliyekwenda kujifungua alibeba kadi yake ya kliniki, vitenge vyake, na dumu la maji la lita 20. Asiyekuwa na wa kumbebea alijifungua kwa maji ya mwenzake. Muuguzi, binti aliyepangiwa kituo hicho akiwa peke yake, alipanga ndoo tatu chini ya lile sinki: moja ya kunawa, moja ya vifaa, moja ya kufulia mashuka.

Nililifuata jambo hili ofisi kwa ofisi. Watu wa barabara walinionyesha kwamba bomba lilipita ndani ya hifadhi ya barabara bila kibali, na kwamba mkandarasi hakupewa mchoro wowote. Ilikuwa kweli. Watu wa maji walisema mradi ulishakabidhiwa kwa jumuiya ya watumia maji, na matengenezo ni ya jumuiya. Ilikuwa kweli. Jumuiya ikanifungulia daftari lake: makusanyo ya ndoo kwa ndoo yalitosha dizeli ya mashine na posho ya mlinzi, bomba hayakulifikia. Watu wa afya walisema fedha walizonazo ni za dawa na vifaa tiba, na wakinunulia bomba watazua hoja ya ukaguzi. Hilo nalo lilikuwa kweli kabisa. Nimewaona wenzangu wakihojiwa kwa jambo dogo kuliko hilo. Mtendaji wa kijiji aliyekuwepo bomba lilipokatwa alikuwa amehamishwa, na aliyempokea hakukuta barua yoyote jaladani.

Sikukuta mwizi. Hili ndilo linalonisumbua mpaka leo. Angekuwepo mwizi, dini ina la kusema juu yake na sheria pia, na watu wangejua wamkasirikie nani. Hapa kila niliyemuuliza alikuwa na karatasi ya kweli mkononi, na mwanamke aliye na uchungu wa kuzaa alikuwa na dumu kichwani.

Mwenzangu mmoja wa kilimo, bwana shamba wa zamani ambaye pia ni katekista, tulizoea kuyazungumza haya garini tukirudi mjini. Nilimwita Mwalimu, naye aliniita Dada. "Kwetu, Dada," aliniambia, "kutotimiza wajibu ni dhambi ya kuungama kama dhambi nyingine yoyote. Lakini anayepiga magoti ni mtu. Sasa hapa apige magoti nani, na aseme nini? Kila mmoja ametimiza wajibu wake ulioandikwa." Nilimjibu kwamba idara haina roho na haitafufuliwa, watakaosimama siku ya hesabu ni watu waliokalia viti vyake. Akacheka kidogo, akasema, "Basi lazima umpate mtu." Tangu siku ile nimekuwa nikimtafuta huyo mtu.

Nilirudi kwa wanazuoni, maana wao walikwisha kuliona tatizo hili kabla nchi zetu hazijawa na wizara. Imamu al-Juwayni, aliyefariki mwaka 1085, aliona kwamba anayesimamisha faradhi kifaya huenda ana daraja kubwa kuliko anayetimiza faradhi aini, kwa kuwa wa pili anajiondolea mzigo wake mwenyewe na wa kwanza anauondolea umma wote. Mwanafunzi wake al-Ghazali, katika kitabu chake cha Ihya, alilalamika kwamba miji mingi haina tabibu Muislamu, ilhali wasomi wanasongamana kwenye fiqhi, elimu iliyofungua milango ya ukadhi na ya kusimamia mali za wakfu na za mayatima. Lawama yake inatuhusu moja kwa moja. Kila aliyefanya kazi vijijini amekiona kijiji kilicho kando ya lami kikipata mradi wa kuku, mradi wa asali, mradi wa vikundi vya kuweka na kukopa na kibao cha kila mfadhili, na kijiji cha ndani, ambako gari hutumbukia kwenye mchanga, kikikosa hata mmoja. Wote wamekwenda mahali pazuri kufanya jambo jema, na lililohitajiwa halikufanyika.

Lakini nilipofika kwa wanazuoni wa misingi ya sheria nilipata taabu. Fakhruddin al-Razi anafundisha kwamba katika faradhi kifaya, mzigo unafuata dhana yenye nguvu. Kundi likiamini kwa dhana yenye nguvu kwamba wengine wameifanya kazi, limesalimika. Ukiifuata hoja hii hadi mwisho wake, kila kundi linaweza kudhani kwamba kundi jingine limefanya, wote wakasalimika, na kazi isiwe imefanywa na yeyote. Nilipoisoma niliona ofisi zangu zote zimekaa ndani yake. Watu wa barabara walidhani, watu wa maji walidhani, sote tulidhani, na dhana zetu zilikuwa na muhuri.

Nimelitafakari hili kwa muda mrefu na nina jibu, ingawa mimi si mwanachuoni na anayejua zaidi anikosoe. Naona yote yanategemea kilichoijenga hiyo dhana. Msibani dhana hujengwa kwa macho na masikio: majirani wanasikia vilio, wanaona watu wakielekea makaburini na majembe, wanaliona jeneza likitoka. Anayesema alidhani maiti ameshazikwa anaweza kuulizwa alikuwa wapi. Katika miradi yetu dhana hujengwa kwa taarifa ya robo mwaka, na taarifa hiyo huandikwa na yule yule anayepimwa kwayo, kisha hujumlishwa na wa juu yake ambaye naye hupimwa kwa jumla hiyo. Ikifika mkoani, imebaki tarakimu. Dhana iliyojengwa hivyo siwezi kuiita yenye nguvu. Kwa hiyo dhima bado iko shingoni mwetu, na dhambi ya kila mmoja wetu haimo katika sehemu aliyoifanya. Imo katika swali ambalo hakuliuliza: je, maji yanatoka?

Khalifa Umar bin al-Khattab husimuliwa kwamba alihofia Mungu atamuuliza juu ya mnyama atakayejikwaa huko Iraq, kwa nini hakumsawazishia njia. Umar alikuwa Madina. Iraq ilikuwa na gavana wake na watendaji wake, na hakuna sheria ambayo ingemtia hatiani kwa kwato ya mnyama wa mbali. Yeye alihesabu kwamba aliyepewa kusimamia hawezi kujificha nyuma ya mgawanyo wa kazi alioufanya mwenyewe.

Mtu atasema: basi dawa ni kuziweka kazi zote chini ya mkono mmoja. Nchi yetu ilikwisha kuijaribu dawa hiyo, na anayeandika mageuzi mapya bila kuikumbuka ataturudisha tulikotoka. Mwaka 1972, kwa ushauri wa kampuni ya Marekani ya McKinsey, serikali ilianzisha Madaraka Mikoani. Kila mkoa ulipata mkurugenzi wa maendeleo, kila wilaya wake, na chini yao wakawekwa maofisa wa kilimo, maji, elimu na afya, na bajeti ikapangwa mahali pamoja. Ukitazama kwa jicho la mratibu, ulikuwa mpangilio mzuri kuliko wowote tuliowahi kuwa nao. Lakini siku ile ile ya kuwakusanya wataalamu, halmashauri za wilaya zilifutwa. Mwaka 1976 vyama vya ushirika vikafutwa pia. Waliobaki mezani walikuwa ni watoa huduma. Aliyepaswa kuwauliza alikuwa ameondolewa.

Kilichofuata kila mtu wa umri wangu anakijua. Mkoa wetu wa Dodoma ulitangulia, na Operesheni Dodoma ya mwaka 1971. Tarehe 6 Novemba 1973 Mwalimu Nyerere alitangaza kwamba kuishi katika vijiji ni amri, na kazi hiyo imalizike kabla ya mwisho wa 1976. Chama, serikali, mgambo, jeshi na malori vilitembea kwa mwendo mmoja. Kufikia 1977 watu zaidi ya milioni 13 walihesabiwa kuwa wamo vijijini. Sijui mpango mwingine wa maendeleo katika historia yetu ulioratibiwa vizuri kuliko huo, na ndio huo uliowaacha watu wengi mbali na mashamba yao, katika maeneo ambayo wazee walijua hayana maji, kwa sababu wazee hawakuulizwa. Kwa nia yake simlaumu Nyerere. Ni yeye aliyeandika mwaka 1968, katika Uhuru na Maendeleo, kwamba mtu haendelezwi na mwingine, hujiendeleza mwenyewe. Pia ni haki kusema kwamba shule nyingi na zahanati nyingi tulizonazo zilifuata vijiji vile, na kwamba kijiji kama chombo cha kisheria, kilichotokana na sheria ya mwaka 1975, ndicho tunachosimamia hadi leo. Lakini funzo kwa swali langu liko wazi. Ofisi zikiungana na zisiulizwe, zitakosea kwa pamoja na kwa kasi.

Katika miaka hiyo hiyo misaada nayo ilikuja kwa mikoa. Tanga ilichukuliwa na Ujerumani Magharibi, Kigoma na Benki ya Dunia, maji ya Mtwara na Lindi yakaenda kwa Finland. Kila mmoja alikuja na magari yake, pampu zake na vipuri vyake. Mwaka 1971 nchi ilikuwa imejiwekea lengo la kumfikishia kila mwananchi wa kijijini maji safi ndani ya mita 400 ifikapo 1991. Mwaka huo ulipita. Nimeona mitambo ya enzi hizo ikiwa na kutu, mizima kabisa isipokuwa kifaa kimoja kisichopatikana dukani popote nchini.

Mageuzi yaliyofuata nitayapitia haraka. Halmashauri zilirudishwa kwa sheria za mwaka 1982 na kuanza kazi 1984. Mwaka 1998 ukaja mpango wa maboresho ya serikali za mitaa, na baadaye Fursa na Vikwazo kwa Maendeleo, ambapo tulikaa na wananchi chini ya miti tukiandika vipaumbele vyao kwenye makaratasi makubwa. TASAF ilianza mwaka 2000 na kamati zake. Mwaka 2017 barabara za vijijini na mijini zilikabidhiwa TARURA, na mwaka 2019, kwa sheria ya mwaka huo, maji ya vijijini yakakabidhiwa RUWASA. Kila hatua ilikuwa na sababu ya maana. Wahandisi ni wachache. Wakiwekwa chini ya wakala wanaweza kupangwa vizuri, na fedha za barabara au za maji haziliwi na mahitaji mengine ya halmashauri. Hata hivyo matokeo yake wilayani ni kwamba mhandisi wa barabara anawajibika kwa wakala ulio chini ya TAMISEMI, wa maji kwa wakala ulio chini ya Wizara ya Maji, na daktari wa wilaya kwa mkurugenzi wa halmashauri. Mnyororo wa kila mmoja umenyooka kutoka kijijini hadi Dodoma, na hakuna mahali minyororo hiyo inapokutana isipokuwa pale chini kabisa, kwa mwananchi.

Ninapotaka kueleza tofauti kati ya kuratibu na kuuliza, huwatajia watu HADO na HASHI. HADO, Hifadhi Ardhi Dodoma, ilianza mwaka 1973 chini ya idara ya misitu, kwa msaada wa Sweden. Mmomonyoko wa Kondoa ulikuwa wa kutisha. Makorongo yake mtu anaweza kuyaona hata sasa akielekea Kolo. Mwaka 1979 mifugo yote iliondolewa kwenye eneo la kilomita za mraba 1,256. Ardhi ilipona, na atakayekanusha hilo hajaiona. Miti ilirudi, nyasi zikarudi. Lakini ng'ombe kwa Mrangi ni maziwa ya watoto, samadi ya shamba, maksai wa kulimia, mahari na akiba ya kiangazi, na hayo yote hayakuwa kazi ya idara ya misitu. Ofisi ilitazama udongo, na udongo ukaonekana. Ilikuwa karibu na mwisho wa miaka ya 1980 ndipo ufugaji wa ndani ulipoletwa ili watoto wapate maziwa tena.

Shinyanga walianza mwaka 1986, na HASHI, Hifadhi Ardhi Shinyanga. Wasukuma wana desturi ya ngitili: malisho hutengwa na kufungwa mvua zinapoanza, mifugo isiingie, nyasi zikue, kisha zifunguliwe kiangazi kikali. Operesheni Vijiji, ule uhamisho wa watu vijijini nilioutaja, ilikuwa imewatenganisha watu na ngitili zao. HASHI haikuishia kwenye vitalu vya miche. Iliirudia ngitili, na masharti yake yakapitishwa kwenye dagashida, baraza ambalo wakubwa kwa wadogo wanaulizana, na sungusungu wakayasimamia. Zaidi ya hekta 300,000 zilirejea kuwa na miti na malisho, na mwaka 2002 mradi ulipata Tuzo ya Ikweta ya UNDP. Kuni, malisho, dawa za miti na ardhi vilijadiliwa mahali pamoja, kwa sababu anayejadili alikuwa ni yule yule anayeokota kuni, anayechunga na anayeugua.

Sasa nirudi kwenye bomba. Mkutano mkuu wa kijiji uliitishwa, na kwa mara ya kwanza wawakilishi wa idara zote walihudhuria. Wakasimama mmoja mmoja wakaeleza, na kila mmoja akapigiwa makofi ya heshima. Kisha akasimama bibi mmoja, mkunga wa jadi wa zamani, amejifunga kaniki, fimbo mkononi. Akaanza kwa adabu. "Wanangu, nimewasikia, na wote mmesema vizuri. Mimi nina mjukuu anayekaribia. Mnitajie mlango mmoja tu nikabishe hodi." Akabaki amesimama. Mwenyekiti alimwomba akae, swali lake litajibiwa. Hakukaa. Wakubwa walitazamana.

Aliyejibu alikuwa mtendaji wa kata, dada mwenye umri kama wa binti yangu, ambaye hakuwa na fungu lolote la bajeti kwa jambo hilo. Alisema, "Bibi, bisha kwangu." Basi. Wiki iliyofuata alipanda bodaboda kwenda wilayani, akakaa kwenye benchi la kila ofisi mpaka akaonwa, na kwa kila ofisi akaomba kipande alichojua inaweza kukitoa bila kuvunja kanuni: huku kibali cha kupitisha bomba, kule fundi na mashine ya kukatia, kwingine vipande viwili vya bomba na viungio vilivyokuwa stoo, kijiji kikatoa vijana wa kuchimba. Alichofanya zaidi ya hapo ni kuwapatanisha wafike siku moja. Walianza asubuhi, adhuhuri maji yalikuwa yanatoka. Baadaye nilisoma taarifa za robo ile. Kila ofisi iliandika kwamba imerejesha huduma ya maji kwenye zahanati. Jina la mtendaji wa kata sikulikuta katika taarifa hata moja.

Huyo ndiye mtu niliyekuwa nikimtafuta. Mwalimu, yule mwenzangu katekista, nilipomweleza alifurahi, kisha akaniuliza swali zuri: je, si dhuluma kumtwisha mmoja mzigo wa wote? Yule dada alitumia nauli yake mwenyewe. Kesho akihamishwa, au akikata tamaa, tutabaki na nini? Hapa nilimjibu kwa al-Shatibi, mwanachuoni wa Granada wa karne ya 14. Yeye anasema faradhi kifaya inawaelekea wenye uwezo wa kuitekeleza, lakini wasio na uwezo hawakuachwa huru: wajibu wao ni kumweka mbele mwenye uwezo na kumsaidia mpaka kazi isimame. Bibi yule hakuweza kununua bomba. Aliweza kusimama na kukataa kukaa, na kwa kusimama kwake wajibu uliokuwa wa wote, yaani usiokuwa wa yeyote, uligeuka kuwa faradhi aini ya mtu mmoja mwenye jina. Naamini thawabu yake si ndogo kuliko ya fundi.

Kwa hiyo naona mageuzi ya kweli ya miradi ya vijijini yaanzie hapo. Mtendaji wa kata apewe kwa maandishi mamlaka ya kuwaita wataalamu wa wakala na idara zote waliomo katani, na asiyefika aeleze kwa nini. Apewe fungu dogo la dharura, la kununulia vipande viwili vya bomba bila kusubiri mwaka mpya wa fedha. Na taarifa yoyote inayosema huduma imefika kijijini isipokelewe wilayani kabla haijasomwa mbele ya mkutano mkuu wa kijiji na wananchi wakakubali kwamba ni kweli. Sheria ya mwaka 1982 tayari imeufanya mkutano huo kuwa chombo cha juu cha kijiji, na kila mkazi mwenye miaka 18 ni mjumbe wake. Maji, barabara, afya, malisho na ardhi vinakutana hapo tu, kwa watu wanaovitumia vyote kwa siku moja.

Najua udhaifu wake. Mikutano mingi haitimizi idadi. Mingine hutawaliwa na wenye sauti kubwa, na wanawake hukaa nyuma kabisa, karibu na watoto. Katiba yetu, katika ibara ya 146, inasema lengo la serikali za mitaa ni kuyapeleka madaraka kwa wananchi, lakini madaraka hayafiki mahali ambapo watu hawafiki. Hilo si la serikali peke yake. Tunajaza uwanja kwa mazishi, kwa maulidi na kwa mikutano ya injili, na wahubiri wetu wa dini zote mbili mara chache hutuambia kwamba kwenda kuuliza habari za zahanati ni ibada. Nawaomba masheikh, mapadri na wachungaji waliseme hilo Ijumaa na Jumapili, kwa uwazi.

Nawe unayesoma, mkutano mkuu wa kijiji chako ukiitishwa, nenda. Taja kitu kimoja kilichokwama, uliza nani ataulizwa juu yake na tarehe gani atarudi kujibu, na usikae mpaka jina lake limeandikwa kwenye muhtasari.